Mfundishe mtoto kuendesha kiti chake mwenyewe: mwongozo kwa wazazi na walimu wa Lamu

Hapa Lamu mtoto wa kiti cha magurudumu hakosi wa kumsukuma. Ndugu yupo, mtoto wa jirani yupo, na hata mpita njia hushika mipini bila kuuliza. Ni wema, lakini ndio huo unaomchelewesha. Mtoto anayesukumwa tangu asubuhi hadi jioni hajui mteremko unavutia wapi, na akifika darasa la nne bado anangoja mtu wa kumpeleka chooni. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Katika kazi hii mkaidi si mtoto, ni mikono ya mtu mzima aliye nyuma yake. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina mafunzo mawili: moja la mtoto, moja la mikono yako.

Umri usikuzuie. Mtoto wa miaka miwili au mitatu mwenye nguvu ya mikono anaweza kuanza, na kwake yote haya ni mchezo.

Hatua ya 1: Kiti kimtoshe leo

Wengi hupokea kiti kikubwa wakisema "akikua kitamtosha". Kabla hajakua, mikono haifiki kwenye magurudumu, mgongo unapinda, na anakata tamaa. Mketishe wima, matako yafike nyuma kabisa. Kiganja chako kilicholazwa kipite kati ya nyonga na ubavu wa kiti, pasibaki nafasi zaidi ya hapo. Nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Magoti yapinde pembe mraba na nyayo zikae zote kwenye kikanyagio. Kisha aning'inize mkono: ncha ya kidole cha kati ifike kwenye kitovu cha gurudumu kubwa. Isipofika, amekaa juu mno au magurudumu yako nyuma mno, na fundi anayejua viti hivi aangalie.

Hatua ya 2: Kusimama kabla ya kwenda

Anza na breki. Afunge, afungue, afunge tena, mpaka mkono uzipate bila kutazama. Breki ni za kukizuia kiti kilichosimama. Akizivuta akiwa mbioni, gurudumu moja linaweza kukwama na kiti kikamrusha. Mwendo hupunguzwa kwa viganja, kwa kuiacha ile pete ya pembeni mwa tairi iteleze mkononi polepole. Bonyeza tairi kwa dole gumba: likibonyea sana, tia upepo, maana breki hukamata tairi, na tairi legevu halikamatiki.

Pia mzoeshe kwamba hainuki wala hahamii kitandani mpaka miguu itoke kwenye kikanyagio. Akikikanyaga kwa uzito wake, kiti kinapinduka mbele.

Hatua ya 3: Mwendo wa moja kwa moja

Nendeni ukingoni mwa bahari baada ya alasiri, jua likipoa. Pete za chuma huunguza mchana, na mtoto asiyehisi miguu anaweza kuungua kwenye kikanyagio asijue. Wewe tembea upande wa maji, yeye upande wa nyumba.

Mikono ianzie nyuma kidogo ya nyonga, isukume mpaka mbele ya paja, kisha iachie na kurudi kwa chini. Msukumo mmoja mrefu ni bora kuliko kumi ya kudokoadokoa inayochosha mabega. Vidole gumba vilale juu ya pete, visiingie kwenye spoki. Mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi mkono mmoja una nguvu zaidi, na kiti huenda upande. Usikishike kukinyoosha. Mwache aongeze msukumo wa mkono dhaifu, au aguse kidogo gurudumu la upande wa pili. Dakika kumi na tano zinatosha kwa siku.

Hatua ya 4: Kugeuka kichochoroni

Mkono mmoja usukume mbele, wa pili uvute nyuma kwa wakati mmoja, na kiti kitazunguka palepale. Bila hili hakuna kuishi katika mji wetu. Chora mraba kwa chaki uani, ageuke humo asivuke mstari, halafu ndipo mwende kichochoroni. Vidole vya miguu hutangulia kiti, na kuta zetu za mawe ya matumbawe huchuna vifundo vya mikono, kwa hiyo ajifunze kusimama hatua moja kabla ya kona na kuchungulia.

Kwenye kona ndipo punda hutokea. Mwenye punda akiita "Simile!" mtoto asogee ukutani, afunge breki, amwache apite. Naye akipita penye watu aite "Simile!" kwa sauti yake mwenyewe. Usimwitie.

Hatua ya 5: Mitaro, vizingiti na miteremko

Hapa ndipo pa kutulia, hata wiki kadhaa.

Kuinua magurudumu madogo ya mbele: arudi nyuma kidogo, kisha asukume mbele kwa ghafla. Yatanyanyuka. Wewe simama nyuma, mikono chini ya mipini bila kuigusa, tayari kumdaka. Yakishavuka mtaro, ainame mbele na kusukuma ili makubwa yafuate. Aukabili mtaro sawasawa, asiuendee mshazari, kwani gurudumu dogo likitumbukia, kiti hulala. Asiyeweza kuinua mbele avuke kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.

Kwenye mteremko vilevile apande na kushuka sawasawa. Akipanda ainame mbele, akishuka aegemee nyuma na pete ziteleze viganjani.

Kuna binti wa miaka tisa mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, ambaye bibi yake hakuweza kuuona mtaro bila kushika kiti. Nikamwomba bibi ashike ncha za leso yake kwa mikono yote miwili. Mtoto alifika ukingoni, akasimama. Leso ikaanza kumtoka bibi. "Bibi, ngoja kwanza," akasema mtoto bila kugeuka, "naangalia." Akarudi nyuma kidogo, akageuza kiti, akavuka kwa kinyumenyume, njia ambayo mimi nisingemchagulia siku ile. Yeye ndiye aliyeujua mtaro ule.

Kizingiti cha nyumbani au cha darasani kinataka ubao wa mteremko. Kipimo ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa sentimita 180. Mafundi wa mbao Lamu hawakosekani, na ubao wa kutoa na kuweka hauzuii kichochoro wala haugusi jengo la kale. Shule ikisita, Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtoto haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Kitaje kwa heshima, lakini kitaje.

Hatua ya 6: Kuomba msaada kwa amri yake

Mchanga wa ufuko wa Shela na ngazi za nyumba za ghorofa haviwezekani peke yake. Hapo anajitegemea kwa kuongoza wanaomsaidia. Ajue kusema: "Shika fremu. Usishike mkono wa kiti, unachomoka. Inua nikisema tatu." Mchangani akigeuzwa na kuvutwa kinyumenyume, magurudumu madogo yakiwa juu, kiti hakizami. Mtu mzima asiinue mpaka mtoto aseme.

Hatua ya 7: Ngozi

Mtoto asiyehisi makalio, kama wenye mgongo wazi wengi, akae juu ya mto unaofaa, na kila nusu saa ainame mbele juu ya mapaja au upande kwa dakika moja au mbili. Jioni mkague ngozi. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa ni onyo: asikikalie kiti mpaka uishe, na ngozi ikichubuka aende kliniki siku hiyohiyo. Kidonda hiki huanza kidogo na huweza kuua.

Hatua ya 8: Chumvi na kutu

Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Kila jioni mtoto apanguse fremu kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, kisha akaushe. Atoe nyuzi na nywele kwenye magurudumu madogo. Beringi zikianza kulia, fundi wa baiskeli atazifungua, aoshe mchanga na kutia grisi mpya. Mtoto awe palepale, ashike spana, aonyeshwe kila nati inafungukia upande gani.