Kusoma na Kuwekea Alama Faili za PDF Ndani ya Zotero

Tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, Zotero, programu ya kukusanya na kupanga marejeo ya utafiti, ina kisomaji chake cha PDF, hivyo ukibofya faili mara mbili katika maktaba yako litafunguka humo humo. Teua sentensi kwa kipanya, chagua rangi ya kuipaka, kisha uandike maoni yako kwenye upau wa pembeni. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba alama hizo huhifadhiwa katika hifadhidata ya Zotero, wala si ndani ya faili lenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kumtumia msimamizi wako nakala, ihifadhi upya kupitia menyu ya faili, la sivyo ataipokea bila alama hata moja. Maneno yenyewe ya waraka hayahaririki humu, na kwa kazi ya utafiti ni afadhali iwe hivyo.