Ukichimba shimo la choo ukakuta vigae, fanya hivi kwanza

Hapa Mombasa, haswa Mji wa Kale, ukichimba msingi au shimo la choo kuibuka vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, ni kawaida, shida ni vile tunavyovishika. Mimi mwenyewe niliharibu. Tulikuwa twachimba shimo kwa ami yangu mtaa wa Kuze, nikaokota kipande cha chungu mbio bombani nikakisugua na sabuni mpaka kikang'ara, kumbe ule weusi niliodhani uchafu ni masizi ya jikoni, yaani ndio ushahidi kwamba kilipikiwa!

Kwa hivyo jembe likigonga kitu msimamishe fundi, usikivute. Piga picha na simu kikiwa palepale, kando weka sarafu ya shilingi 20 ukubwa ujulikane na kikaratasi chenye namba. Si maringo haya. Mchimbuzi wa mambo ya kale Howard Carter na wenzake, kaburi la mfalme Tutankhamun kule Misri, lililopatikana 1922, walikuta vitu zaidi ya 5,000, wakavipa namba na Harry Burton akawa apiga picha vikiwa mahali pake kabla havijatolewa, kazi ikala karibu miaka 10. Kulikuwa na makubadhi ya shanga uzi umeoza, ukigusa tu zinamwagika, ikabidi wayamiminie nta ya kuyeyushwa zishikane ndio wayainue. We na shimo lako siku mbili zakushinda?

Afu pima kina kwa futi ya fundi, andika na rangi ya udongo. Vya kina kimoja bahasha moja ya kaki, usichanganye hata kidogo, manake kigae peke yake hakisemi kitu, kinasema kikiwa na wenzake. Flinders Petrie, mchimbuzi mwengine, mnamo 1900 hivi alikuwa na makaburi kama 900 ya Misri yasiyo na maandishi, akaandika vyungu vya kila kaburi kwenye kikaratasi chake akawa avipanga na kuvipangua akifuata mikono ya vyungu inavyopungua polepole mpaka kubaki mstari wa rangi tu, hapo akajua lipi la kale lipi la juzi. Angechanganya angepata nini?

Cha kijani chenye kung'aa kama kioo huenda ni cha Uchina, hata kwenye magofu ya Gedi vilitoka hivyo, usimuuzie mtu. Peleka Ngomeni, pale makumbusho ya Fort Jesus, na bahasha zako, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 yataka uripoti.

Changu nilikipeleka. Mzee mmoja pale akakigeuza mara moja tu, akaniangalia, "Nani alokiosha?"