Namna ya Kuwa Kocha wa Nguvu na Utimamu wa Mwili Vyuoni Marekani

Anayeitaka kazi hii, ambayo Boyd Epley, mmoja wa waanzilishi wake, aliajiriwa kuifanya katika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1969, aanze na shahada, hasa ya sayansi ya michezo, kisha afanye mtihani wa cheti cha CSCS, yaani cha mtaalamu wa nguvu na utimamu wa mwili, kinachotolewa na NSCA, chama cha kitaifa cha fani hii nchini Marekani. Hata hivyo, kinachomjenga kocha ni mafunzo ya vitendo, ambayo mara nyingi hayana malipo: kufika ukumbini alfajiri, kupanga vyuma, na kumtazama mchezaji anapochuchumaa na chuma mabegani, ili magoti yakianza kuingia ndani au visigino vikiinuka, apunguziwe uzito kabla hajaumia. Tena, kocha mkuu wa timu akifukuzwa, wasaidizi wake, kocha wa nguvu akiwemo, nao huenda wakafunga virago.