Pumba za msimu wa korosho na ini la ng'ombe anayekaribia kuzaa

Kila fedha za korosho zinapoingia, magunia ya pumba huhamia mabandani, na ng'ombe wa maziwa aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akisubiri kuzaa, hupewa ndoo asubuhi na nyingine jioni, kwa imani kwamba anayeshibishwa sasa atakamuliwa sana baadaye. Kwa kweli mfugaji ananunua ugonjwa wa ketosisi, kisha ananiita kumtibu ng'ombe wiki ya tatu baada ya kuzaa, ilhali kosa lilifanyika miezi miwili nyuma.

Ng'ombe hapati glukosi moja kwa moja kutoka kwenye chakula kama sisi tunavyoipata kwenye ugali. Vijidudu vya tumbo la kwanza huchachusha chakula na kutoa asidi fupi za mafuta, na mojawapo, asidi ya propioniki, ndiyo malighafi kuu ambayo ini hutengenezea glukosi. Lita moja ya maziwa hudai takriban gramu 72 za glukosi, hivyo kiwele cha lita 10 hudai zaidi ya gramu 700 kila siku.

Anapozaa, insulini hushuka na homoni ya ukuaji huwa juu, na mafuta ya mwilini hupata ruhusa ya kuingia kwenye damu. Yakiwa kidogo, humfaa. Ng'ombe mnene, hata hivyo, hula kidogo baada ya kuzaa. Propioniki hupungua, mafuta humiminika, na asidi zake ndefu ini haliwezi kuzigeuza glukosi, bali huchoma sehemu, hujaa mafuta kwa sehemu nyingine, na zinazobaki huwa ketoni, kemikali ambazo zikizidi kwenye damu humwugua ng'ombe. Januari moja, wilayani Masasi, nilimkuta wa namna hiyo: shina la mkia limezama kwenye mafuta, pumba anazisukuma kwa pua huku akichagua nyasi kavu, na pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alikuwa amenyweshwa kilo mbili za sukari! Sukari ya kunyweshwa huishia kwa vijidudu vya tumbo, haifiki kwenye damu ikiwa sukari. Kinachosaidia ni propilini glaikoli, dawa ya maji ambayo ini huweza kuigeuza glukosi, mililita 300 mara moja kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, anyweshwe polepole bila kuinua kichwa sana, isije ikaingia mapafuni.

Basi zingatieni vipimo. Mkaushe siku 60 kabla ya kuzaa. Ikiwa ana hali nzuri, yaani alama ya unene 3 hadi 3.5 kati ya 5, siku 39 za mwanzo apewe majani, maji na madini, pumba zikae ghalani. Zikibaki siku 21 azae, anza na kilo 1 ya chakula cha ziada, kama pumba, kwa siku, panda taratibu hadi kilo 3 siku ya kuzaa, kisha ongeza nusu kilo kila baada ya siku 2 kadiri anavyokula na kukamuliwa. Nimesema kilo, sikusema ndoo. Ndoo ya lita 10 haibebi kilo 10 za pumba, na mizani ya kupimia korosho inapima pumba vilevile.

Akila vizuri na maziwa yakipanda, mko sawa.

Aliyekwisha kunenepa msimkondeshe kwa njaa wakati huu, kwa sababu njaa hiyohiyo ndiyo inayofungulia mafuta njia ya kwenda kwenye ini kabla hata ndama hajazaliwa.