Chakula cha mchana kibaki moto kwenye flaski, kazi yote iko asubuhi

Flaski ya chakula haina moto wake. Hilo ndio la kwanza kulijua, manake watu wengi hapa Kampala wanapakia chakula saa kumi na mbili asubuhi, wanapanda taksi, wanakaa kwenye jam, halafu saa saba wakifungua wanakuta matoke yamepoa na kukakamaa na hapo hapo wanasema flaski ni feki. Feki zipo kweli, lakini mara nyingi chombo kiko sawa kabisa, shida ni vile kilipakiwa.

Ndani ya flaski nzuri kuna kuta mbili za chuma na katikati hewa imenyonywa, kwa hio joto linakosa pa kupitia. Aliyebuni hii kitu, James Dewar, mwaka 1892 kule Uingereza, hakuwa anawaza chakula kabisa, alitaka pa kuhifadhia gesi zilizopozwa mpaka zikageuka majimaji, baridi kali sana. Yaani flaski haichagui moto ama baridi, inashika tu hali uliyoipa. Ukiipa wali uliopashwa nusunusu, itakutunzia huo huo wali wa nusunusu.

Sasa asubuhi anza na flaski yenyewe. Usiku mzima imelala kabatini, chuma cha ndani ni baridi, ukimimina chakula humo hicho chuma kinaanza kunyonya joto la chakula chako. Chemsha maji mpaka yatokote, jaza flaski hadi juu, funga na mfuniko wake, iache dakika 5 mpaka 10 wakati unapasha chakula. Maji ya moto tu ya kuogea hayatoshi. Na sisi huku tuko juu, Kampala ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemkia kwenye nyuzi kama 96, Kabale na Kapchorwa ambako ni juu zaidi yanachemkia kwenye nyuzi chini ya hapo, kwa hio usiyaepue ukayaacha yakae, yakiwa bado yanatokota mimina. Kama flaski yako ni ile ya kioo ndani, izungushie maji ya vuguvugu kwanza, kioo baridi kikikutana na maji ya moto ghafla kinapasuka. Ukimaliza usiyamwage hayo maji, bei ya makaa unaijua, oshea vyombo.

Chakula nacho kitokote. Sio kutoa mvuke kidogo, kitokote, koroga mpaka katikati, manake maharage ya jana yanaweza kuchemka pembeni na katikati bado ni baridi. Mimina maji ya flaski kwenye beseni, kung'uta haraka, pakua hapo hapo kutoka kwenye sufuria, jaza ubakishe nafasi ya kidole tu juu, funga. Nafasi kubwa ya hewa inakula joto, ndio sababu flaski kubwa iliyojaa nusu inapoa kuliko ndogo iliyojaa. Kwa mtu mzima ya nusu lita inatosha, mtoto wa praimari mpe ya kama mililita 300. Ukishafunga usifungue fungue kuangalia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ni mambo ya tumbo. Vijidudu vinapenda chakula cha vuguvugu, kuanzia nyuzi 5 hivi mpaka 60 ndio vinazaana, kwa hio lengo ni chakula kifike saa saba kikiwa bado juu ya 60. Wali ndio wa kuchunga zaidi, kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi hata ukipika, wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na hio sumu hata ukipasha tena haiondoki. Kama wali wa jana ulilala kwenye sufuria juu ya meza usiku kucha, usiupashe usiupakie, acha. Kama una kipimajoto cha jikoni, jaribu siku ya mapumziko, pakia kama kawaida, fungua baada ya masaa 6 upime, hapo utaijua flaski yako. Bila kipimo, ukifungua mchana hakuna mvuke na kijiko hakipati moto, nyama na wali usile, na mtoto mwambie hivyo hivyo.

Kuhusu chakula gani kinafaa, sisi Uganda tuna bahati, vyakula vyetu vingi vimezaliwa kwa ajili ya flaski. Katogo ndio namba moja, matoke yamepikwa pamoja na maharage au matumbo, mchuzi umeingia kila mahali, kitu kizito chenye majimaji kinashika joto muda mrefu na matoke hayakauki. Binyebwa, mchuzi wa karanga, pia nzuri sana, ni nzito ina mafuta, ila pasha kwa moto mdogo ukikoroga isishike chini. Malewa ya watu wa Mbale, yale machipukizi ya mianzi, yakipikwa na binyebwa, safi. Firinda ya magharibi, maharage yaliyomenywa maganda, safi. Posho, yaani ugali, inasumbua kidogo, ikikaa peke yake inakauka juu, mimi naona bora uiweke chini ikiwa imetoka motoni sasa hivi halafu umimine maharage yenye mchuzi juu yake, ama ubebe flaski mbili ndogo. Matoke ya kuponda unaweza kuyafunga na jani la ndizi lililobabuliwa kidogo, unyevu unabaki na ile harufu yake tamu unaikuta mchana. Lakini usitumie kavera, chakula cha moto vile kwenye plastiki laini sio salama. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chapati usiweke kabisa, mvuke unazilowesha zinakuwa uji, hata samaki wa kukaanga analegea, bora wa mchuzi. Eshabwe, mchuzi wa samli wa Ankole, inaliwa baridi, ibebe kando.

Hotipoti ni kitu kingine. Ile ina plastiki na povu katikati, mdomo mpana, inafaa kupeleka chakula mezani au safari ya masaa mawili matatu, usiitegemee toka alfajiri mpaka mchana.

Ukienda kununua, sokoni Kikuubo au Owino au dukani kwako mtaani, mdomo usiwe mpana sana, mfuniko uwe mnene na mpira wake uwe unatoka ili uoshe. Ukifika nyumbani mimina maji yanayotokota, funga, baada ya dakika chache shika pembeni, kama ukuta wa nje umepata moto ujue hewa imeingia katikati, irudishe mapema risiti ikiwa bado iko. Na zile zilizoandikwa masaa 6 ama 12, kawaida wanapima na maji ya moto sana chombo kikiwa kimejaa, wewe na wali wako punguza matarajio. Flaski ikianguka vibaya ikabonyea, ipime tena hivyo hivyo. Kuifunga na taulo au kipande cha kitenge inasaidia, hasa juu kwenye mfuniko ambako joto linatorokea.

Mtoto wa shule mfundishe kufungua nyumbani kwanza, chakula kikipoa kidogo ndani mfuniko unavutwa unakuwa mgumu, na mwambie amimine kwenye kikombe cha mfuniko asubiri, asiweke mdomo moja kwa moja, katogo ya masaa manne bado inaunguza ulimi. Maziwa ya mtoto mchanga usiyatunze kwenye flaski yakiwa vuguvugu, beba maji moto kando na maziwa ya unga kando, changanya wakati wa kumlisha.

Jioni osha siku hio hio, toa mpira, tumia sponji sio stilwaya, na usiiweke kwenye maikrowevu wala juu ya sigiri, jiko la makaa. Ikibaki na harufu ya samaki weka kijiko cha bekingi soda na maji moto nusu saa, suuza, halafu iache wazi usiku bila mfuniko ikauke.