Ficha maandishi kwanza: namna ya kuchambua bango la afya ya uzazi na vijana

Ukitaka vijana waongee, usianze na somo la VVU, anza na picha. Vikao vyangu naviendesha chini ya mwembe nje ya zahanati, na vifaa ni simu, karatasi za manila na kalamu za rangi. Napiga picha mabango ya barabarani na ya ukutani, halafu naongezea video fupi zinazozunguka WhatsApp.

Funika maandishi yote, kisha uliza wanaona nini. Wakikujibu "tunaona UKIMWI", kataa. Wakutajie watu, nguo, mikono, nani anamtazama nani.

Hapo kaa muda mrefu. Kuna bango moja la kuchorwa ninalolitumia sana: binti wa sekondari yuko ndani ya sare, begi mgongoni, amesimama kando ya gari lenye kioo kilichoshushwa nusu. Cha mwanaume kinachoonekana ni mkono tu, wenye saa ya dhahabu na noti za elfu kumi kumi. Uliza: mwenye kosa nani? Karibu kila mara wanamvaa binti. Kasimama ya nini, sketi gani hiyo, tamaa tu! Usiwagombeze. Waulize uso wa huyo baba uko wapi. Mchoraji kampa binti uso, mwanaume kampa saa. Anayeonekana ndiye anayehukumiwa. Sasa wagawie manila wachore upya, mwanaume aonekane mzima mzima. (Wakianza kucheka sana ujue wanamchora mtu wa mtaani kwao. Piga marufuku majina mapema.)

Kisha mtafute asiyekuwepo. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa Tanzania nzima 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na msichana ndiye aliyejaa kwenye picha. Sawa, saratani ya mlango wa kizazi inawaua wanawake. Lakini kirusi chenyewe kinaambukizwa kwa ngono na wanaume wanacho pia. Mvulana asiyejiona ukutani anaondoka akijua hayo ni mambo ya akina dada. Mwenye ulemavu ndiye kabisa, utafuta mabango mpaka uchoke.

Picha za mgonjwa wa UKIMWI mifupa mitupu kitandani bado zinasambazwa, na hizo zisahihishe palepale. Anayemeza ARV, dawa za kufubaza VVU, vizuri, virusi vikashuka hadi kipimo kisivione na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Picha ile inamnyanyapaa mwembamba na kumpa mnene usalama asio nao.

Usisahau sheria: hapa Tanzania, tangu marekebisho ya 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Swali la kupima haliulizwi mbele ya wenzao. Kwa hiyo kikao kikiisha usikimbilie bodaboda. Okota manila zako polepole, anayetaka kukuuliza apate nafasi.