Pampu ya ghorofa ipimwe saa saba usiku

Pampu ya ghorofa inayovuma na kunyamaza usiku kucha mara nyingi ni nzima kabisa. Fundi alipanga namba za kidhibiti chake, kinachoamua kasi ya pampu kwa kufuata presha, asubuhi wapangaji wakioga, akaondoka. Kazi zangu nyingi za Kariakoo na Upanga ni za aina hiyo.

Presha ya pampu hufuata mraba wa kasi yake. Maji yanapotiririka kwa wingi, sehemu ya nguvu hiyo hupotelea njiani. Koki zikifungwa, hezi moja tu (kipimo cha kasi) ya draivu, kifaa kinachoendesha mota ya pampu, inairusha presha mbali zaidi. Kwa hiyo gaini ya mfumo, yaani presha inabadilika kiasi gani kwa kila badiliko la kasi, hupanda usiku bila mtu kugusa kitu. Pima hapo.

Kwanza angalia upepo wa tangi la presha, maji yakiwa yametolewa. Mfuko wa mpira uliomo ndani yake ukiwa umekufa, namba zote utakazopata ni bure.

Acha koki moja ya juu ikichuruzika. Ukifunga zote, vali ya kuzuia maji yasirudi itaishikilia presha hata pampu ikipunguza kasi, na geji itakudanganya. Kwenye kidhibiti, zima intigrali (sehemu inayolimbikiza kosa la presha kadiri muda unavyokwenda), kisha ongeza gaini yake, yaani ukali wa kujibu kosa hilo, kidogokidogo mpaka presha iyumbe kwa mawimbi yasiyokua wala kufifia. Andika gaini hiyo na sekunde za wimbi moja, halafu ishushe haraka, maana viungo vya mabomba havipendi mchezo huo.

Kanuni ya Ziegler na Nichols ya 1942 inachukua 0.45 ya gaini hiyo kwa PI, yaani kidhibiti chenye gaini na intigrali tu. Kwangu ni kali mno. Natumia ya Tyreus na Luyben: gaini gawanya kwa 3.2, muda wa intigrali ni wimbi mara 2.2. Ikiyumba kwenye gaini 4 kwa wimbi la sekunde 5, weka 1.25 na sekunde 11. Hapo hata gaini ya mfumo ikiongezeka mara mbili, bado itatulia. Asubuhi pampu itakuwa nzito kidogo kujibu, lakini sijaona mpangaji anayelalamikia hilo. Wanalalamikia bomba linalogonga.

Halafu washa kinga ya limbikizo la intigrali. Draivu ikigota hezi 50 na presha haifiki, intigrali huendelea kujaa; watu wakifunga koki, presha inapaa.

Jaribu kwa kufunga ghafla koki kubwa ya chini. Presha ikipitiliza mara moja na kutulia, funga boksi. Ikirudia mara ya tatu, punguza gaini tena.